Kidonge cha Sukari na Uvumi Unaoua



Mwezi uliopita tulikwenda watu watatu kumjulia hali mzee mmoja wa tawi letu. Ni mzee ambaye zamani mkutano haukufunguliwa mpaka afike, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuwanyamazisha vijana na kuwasemesha wazee. Tulimkuta amekaa mkekani, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Tulipompa pole alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, mguu huu haukukatwa na sukari. Umekatwa na maneno ya watu."

Maneno hayo hayakuniacha nilale, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Habari yake ni fupi. Miaka minne nyuma alipimwa akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, ule wa aina ya pili unaowashika zaidi watu wazima. Akapewa vidonge vya metformini. Alivitumia mwaka mmoja na nusu, sukari ikashuka, kiu ikaisha, akarudi shambani. Hapo ndipo jirani yake alipomwambia: "Mzee, vidonge hivyo vinakula figo. Fulani alivimeza, na leo figo zake zimekufa." Mzee akaogopa, akaviacha. Baadaye akapita mtu na kipaza sauti, anauza chupa za maji ya majani, anaapa kuwa yanaponya sukari kwa siku ishirini na moja na mgonjwa asiwe na haja ya kupima tena. Mzee akauza mbuzi, akanunua chupa tatu. Hakupima tena, kama alivyoagizwa. Siku moja kiatu kikamchubua, naye hakusikia maumivu kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mguuni ilikwisha kufa ganzi. Alipofikishwa hospitali, nyama ilikuwa imeoza.

Sisemi haya kwa kumwaibisha mzee wetu. Yeye mwenyewe ametuambia tuyaseme, maana, alivyotukumbusha, katika mtaa wake anawajua watu wanne wengine walioacha vidonge kwa maneno yale yale.

Ndugu, mwaka 1961 tulipopata Uhuru, Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Wakati ule tuliposema maradhi tulifikiri malaria, kichocho, ukoma na kifua kikuu. Adui huyo hajaondoka, ila ameongeza kanzu nyingine. Mwaka 1989 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty na wenzake, waliopima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa nchi uliofanywa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 mpaka 64. Najua kazi hizi mbili hazilingani sawasawa, maana ile ya kwanza ilikuwa ya vijijini tu na njia za kupima hazikuwa moja. Lakini hata ukipunguza sana, dalili ni hiyo hiyo: ugonjwa tuliodhani ni wa matajiri wa mijini umeingia katika nyumba zetu, tena umeingia kimya. Barani Afrika zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu hawajui kuwa wanao.

Yatupasa basi tujue kidonge hiki ni kitu gani, kabla ya kumwachia kila mpita njia atufundishe.

Mwenye sukari ya aina ya pili ana mambo mawili yaliyoharibika mwilini. Kwanza, mwili wake hauisikii vizuri insulini, ambayo ndiyo inayofungua njia ili sukari itoke katika damu iingie katika nyama na kutumika. Insulini inabisha hodi, mwenye nyumba ni kiziwi. Pili, ini lake, ambalo ni ghala la sukari, huendelea kuimwaga katika damu hata usiku, wakati mtu hajala kitu. Metformini hufanya kazi hapo. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo, na pia huusaidia mwili uisikie insulini yake wenyewe. Hailazimishi kongosho kutoa insulini zaidi. Kwa hiyo, ikitumiwa peke yake, ni nadra kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka.

Je, ina taabu zake? Inazo, na asiyezisema anamdanganya mgonjwa. Wengi katika siku za mwanzo hupata kuhara, kichefuchefu, tumbo kujaa, au ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 500, na kuagiza kidonge kimezwe pamoja na chakula, kisha dozi ipandishwe polepole. Kwa wengi taabu hizo hupungua. Anayekitumia miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na jambo hilo hupimika na kutibika. Lakini mgonjwa ambaye hakuambiwa haya akihara siku tatu husema, "Hii sumu," naye huitupa. Kosa si la kidonge, wala si la mgonjwa peke yake. Ni la yule aliyempa kidonge bila kumpa maneno.

Sasa nije kwenye figo, maana hapo ndipo uvumi ulipojenga nyumba.

Metformini haiui figo. Kinachoua figo ni sukari yenyewe ikiwa juu miaka na miaka, kwa kuwa huharibu vijishipa vyembamba sana vinavyochuja damu. Shinikizo la damu likiongezeka juu yake, kazi ya kuharibu huenda mbio zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye sukari isiyotunzwa figo zake huweza kufa, na zinapokufa jirani anatazama mezani, anaona vidonge, anasema hivi ndivyo vilivyoua. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini hakuna anayesema jogoo ndiye aliyelileta jua.

Hata hivyo uvumi huu una punje ya kweli ndani yake, na ni wajibu wetu kuitoa punje hiyo tuioneshe, maana uongo mtupu haudumu ila ule uliochanganywa na kweli. Metformini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa zimekwisha kuchoka sana kwa sababu nyingine, dawa hujilimbikiza, na kwa nadra huweza kuifanya damu ijae tindikali, hali ambayo ni ya hatari. Ndiyo sababu madaktari huipunguza figo zinapodhoofika, na huisimamisha kabisa kipimo cha kazi ya figo kinaposhuka chini ya 30. Daktari anapomwambia mgonjwa, "Sasa tuache metformini, figo zako zimedhoofika," hajakiri kuwa dawa ndiyo iliyomwumiza. Anamkinga. Lakini mgonjwa akirudi nyumbani husimulia nusu ya habari, na nusu hiyo huzunguka mtaa mzima.

Hofu hii ina historia pia. Metformini ilikuwa na ndugu yake, fenformini, ambayo kweli iliwajaza watu tindikali katika damu na kuwaua, mpaka nchi nyingi zikaipiga marufuku katika miaka ya 1970. Jina baya la ndugu likamwangukia ndugu. Waingereza walianza kuitumia metformini mwaka 1958, lakini Wamarekani hawakuipa kibali mpaka mwisho wa mwaka 1994. Mwaka 1998 Waingereza walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofuata wagonjwa zaidi ya 5,000. Miongoni mwao palikuwa na kundi la watu wanene waliogawanywa: wengine walipewa metformini, na wengine waliachwa na mashauri ya chakula zaidi. Baada ya miaka kama kumi, vifo katika kundi la metformini vilikuwa pungufu kwa asilimia 36. Basi hicho ndicho kidonge ambacho mzee wetu aliambiwa kitamwua.

Kuna ndugu zetu wengine wanaoleta hoja ya namna nyingine, na hoja hii inanigusa zaidi kwa kuwa inavaa nguo za uzalendo. Wanasema: "Hivi ni vidonge vya Wazungu. Sisi tuna majani yetu. Kwa nini tuwe watumwa wa dawa za kigeni?"

Nawajibu kwa heshima. Ndugu zangu, kidonge hiki nacho asili yake ni jani. Katika Ulaya ya zamani wakulima walitumia mmea uitwao galega kwa maradhi mbalimbali. Wataalamu walipouchunguza waligundua kuwa ndani yake mna kitu kinachoshusha sukari, lakini pia ni sumu: mifugo ikila sana mmea huo hufa. Hawakusimama barabarani na kipaza sauti kuuza maji ya galega. Walikichambua kitu hicho, wakakipima, wakaviona vibaya vyake, wakatafuta jamaa zake walio salama zaidi. Metformini yenyewe iliundwa Dublin mwaka 1922 na Emil Werner na James Bell, ikakaa rafuni miaka mingi. Mwaka 1957, mwaka ule ule Ghana ilipopata uhuru wake, daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza kuwa ameitumia kwa wagonjwa wa sukari, akaipa jina la Glucophage, yaani mla sukari.

Fundisho gani tunapata? Si kwamba jani la Mzungu ni bora kuliko jani letu. Fundisho ni kwamba jani huwa dawa linapopimwa. Misitu yetu ina miti mingi, na waganga wetu wana maarifa ambayo hatupaswi kuyadharau. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili ambayo kazi yake ni utafiti wa namna hiyo. Mwenye jani analoliamini alipeleke likapimwe. Likishinda, sote tutalimeza, tena kwa fahari. Lakini yule anayeuza chupa isiyo na jina la kilichomo, asiyejua kipimo chake, na anayemkataza mgonjwa kupima sukari yake, huyo si mtetezi wa Mwafrika. Mkoloni alitunyonya kwa kodi ya kichwa, na huyu anatunyonya kwa chupa. Anayekukataza kupima anajua kipimo kitamwumbua.

Uzalendo wa kweli juu ya kidonge hiki ni mwingine kabisa. Ni kuuliza: kwa nini hatukitengenezi sisi wenyewe kwa wingi wa kututosha? Metformini haina mwenyewe tena. Hakuna kampuni inayoweza kutuzuia kwa haki ya uvumbuzi. Ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za ugonjwa huu, nayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo sehemu kubwa ya unga wa dawa hii duniani hutengenezwa India, na nchi nyingi za Afrika hungoja meli. India nayo ilitawaliwa na Mwingereza. Iliamua kujenga viwanda vyake vya dawa, na leo inauza hata Ulaya. Si jambo la miujiza, ni jambo la nia na mpango.

Tena, wapo watakaosema metformini ni kidonge cha zamani cha maskini, na kwamba matajiri sasa wana sindano mpya. Ni kweli kwamba dawa mpya zipo, na baadhi yake zina faida kubwa kwa mgonjwa mwenye maradhi ya moyo au figo. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi ya sindano hizo, kama semaglutidi, katika orodha yake ya dawa za lazima kwa wagonjwa wa namna hiyo. Nasi tuzidai. Chini ya masharti ya biashara ya dunia, nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa mpaka mwanzo wa mwaka 2033 maadamu zimo katika kundi hilo. Huo ni mlango ulio wazi, na mlango wa wazi usioingiwa haumfai mtu. Lakini taifa lililoshindwa kumfikishia mkulima wake kidonge rahisi kuliko vyote, kila mwezi bila kukosa, litamfikishiaje sindano inayotaka kutunzwa kwenye baridi? Tuanze na kilicho mkononi.

Maana hapa lipo jambo ambalo sisi wananchi hatuna budi kulisema bila woga. Si wote walioacha vidonge kwa uvumi. Wengine waliachishwa na dirisha la dawa. Mama anatoka kijijini alfajiri, anatembea saa mbili, anapanga foleni mpaka adhuhuri, anaambiwa, "Mama, vimekwisha, kanunue dukani." Hana fedha ya dukani. Anarudi. Mwezi wa pili ni vile vile. Mwezi wa tatu haendi. Je, huyu tumwite mkaidi? Nauli na siku nzima ya shamba ni ghali kwake kuliko kidonge chenyewe. Ugonjwa huu ni wa maisha, haungoji shehena ijayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nasi twaiunga mkono, lakini kadi ya bima haishushi sukari kama rafu ni tupu.

Kwa hiyo nasema tudai mambo manne. Kwanza, metformini isikosekane katika zahanati yoyote ya umma, na panapokosekana wananchi waambiwe sababu na siku itakapofika. Pili, mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa mara moja, badala ya kumtembeza kila mwezi. Tatu, kila mwenye sukari apimwe figo zake japo mara moja kwa mwaka, ili uvumi ujibiwe kwa kipimo na si kwa ubishi. Nne, viwanda vyetu vya dawa vipewe soko la uhakika la hospitali zetu wenyewe, kwa sharti kwamba vidonge vyao vipimwe ubora kama vya mtu mwingine yeyote. Hatutaki kidonge kibovu kwa sababu kina bendera yetu.

Lakini kudai peke yake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni yetu. Najua wapo watakaoniambia, "Ndugu, chama ni siasa, dawa ni kazi ya madaktari." Siasa ni nini kama si maisha ya watu? Tulipotaka watu wajiandikishe tulibisha kila mlango. Tulijua nani ni mwanachama, nani ameyumba, nani anahitaji kuzungumzwa naye. Njia zile zile zatufaa hapa. Katika kila tawi apatikane mtu mmoja au wawili wa kuwajua wenye sukari, kuwauliza kwa upole kama wana vidonge, na kuwasindikiza wanaoogopa. Muuguzi wa zahanati aalikwe mkutanoni japo robo saa, aeleze kidonge ni nini, ajibu maswali ya figo mbele ya watu wote. Vijana wawakague wazee wao nyayo, maana kidonda cha mguu ambacho mwenyewe hakihisi, mjukuu anaweza kukiona.

Na tusidanganyane kwamba kidonge kitafanya kila kitu. Hakimruhusu mtu kunywa chai ya vijiko vitano na soda tatu kwa siku. Kutembea, kupunguza sukari na wanga, kuacha sigara, kutunza shinikizo la damu, hayo yote ni jembe moja na kidonge ni mpini wake. Wala mtu asiongeze wala asiache dozi kwa shauri la gazeti, hata gazeti hili. Anayetapika sana au kuhara sana, mwenye figo mbovu, mwenye ini bovu, au mlevi wa kupindukia, huyo amwone daktari kwanza, maana kwake dawa hii yaweza kuwa na hatari.

Tulipokuwa tunaagana, mzee wetu alituuliza kama mkutano wa tawi bado ni Jumapili. Tukamwambia ndiyo. Akasema: "Njooni mnichukue. Nitawaonesha mguu wangu, halafu nitawaonesha vidonge vyangu. Atakayebisha na abishe mbele yangu."

Jumapili tutamchukua. Nanyi, ndugu zangu, katika matawi yenu mtafuteni mzee wenu kama huyu kabla mguu haujakatwa. Mwulizeni swali moja tu: "Vidonge vyako viko wapi?" Akisema vimekwisha, mkasimame naye dirishani. Akisema ameviacha, kaeni naye mkekani mpaka mjue ni nani aliyemwambia aviache.